Bwawa la huko juu na sisi wa chini: jinsi ya kulipinga kwa daftari, muhuri na tarehe

Walikuja vijana wanne kwa gari jeupe, wakateremsha chombo chenye miguu mitatu, wakakisimamisha ukingoni karibu na mwembe wetu. Nikawapa maji ya kunywa, nikawauliza wanapima nini. "Ni utafiti tu, mama," akasema mmoja, akanirudishia kikombe. Ukapita mwaka na zaidi. Siku moja mpwa wangu akaniletea simu: ripoti ya mradi wa bwawa huko juu ya mto, kurasa mia nne na ushei, Kiingereza kitupu. Nikamwambia atafute jina la wadi yetu. Akatafuta. Halimo. Nikamwambia atafute Garsen. Imo mara moja, kwenye ramani.

Waliohesabiwa humo kuwa wataathirika ni wale ambao mashamba yao yatafunikwa na maji. Sisi tutakaoyakosa maji hatukuhesabiwa. Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: mtu wa chini ya mto aingie kwenye karatasi kwanza, kelele baadaye.

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 26. Sasa nalima mpunga na ndizi upande wa chini wa Garsen, Kaunti ya Tana River, na ni katibu wa kamati yetu ya mto. Ukatibu nilipewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, hakuna sababu nyingine. Haya nayaandika kwa yeyote aliyesikia fununu za bwawa kwenye mto wa kwao na hajui aanzie wapi. Mradi uliotugusa sisi sitautaja, shauri bado liko mezani. Mipango ya huko juu haikuanza jana wala juzi: ule mkubwa wa High Grand Falls umetajwa miaka mingi, na mto wetu, Tana, tayari una mabwawa matano ya umeme, Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Yote pamoja huitwa Seven Forks, yaani saba. Nilipokuwa nikiyafundisha, hakukosekana mtoto wa kuuliza mengine mawili yako wapi. Jibu sasa ninalo: yanatafutwa.

Sheria nitakazozitaja ni za Kenya. Walio kwingine watafute za kwao. Sehemu ya daftari haina mpaka.

Daftari kabla ya bango

Watu wakisikia bwawa hukimbilia kwa fundi wa mabango. Sisi pia tulikimbilia huko, tukaandikiwa bango kubwa jekundu, mvua moja ikaliosha. Hizo pesa zingenunua madaftari makubwa mawili yenye jalada gumu, chenji ikabaki. Daftari la kwanza ni la mto. La pili ni la nyumba.

Kwa daftari la mto, tafuta boriti ya mkoko iliyonyooka. Ichore alama kila sentimita 10 kwa rangi ya mafuta, ikite mahali ambapo maji hayakauki hata Februari, kisha uifunge kwenye mti imara ili maji mengi yasiondoke nayo. Yetu ya kwanza iliondoka, ndiyo maana nasema. Kila siku saa moja asubuhi mtu mmoja asome kimo, aandike tarehe, kimo na jina lake. Kazi hiyo tuliwapa wanafunzi. Mtoto hakosi siku. Mtu mzima huandika siku tatu kwa mkupuo, kalamu ileile, mwandiko uleule, akidhani hatutajua. Mara moja kwa wiki, piga picha ya boriti yenyewe na maji yakiwa yameigusa.

Ripoti tuliyoisoma ilitegemea vipimo vya Garissa. Kati ya Garissa na sisi mto unapinda, unapanuka, unaingia kwenye maziwa madogo na kutoka. Namba ya Garissa haimwambii mtu kama maji yalifika shambani kwangu. Boriti inamwambia.

Nyuma ya daftari hilohilo andika mafuriko ya zamani. Kaa na wazee, na usiwaulize mwaka. Waulize nani alizaliwa, nani aliolewa, kijiji kipi kilihama. "Mwanangu, sisi hatukuzaliwa mwaka, tulizaliwa maji," mzee mmoja aliniambia, kisha akanitajia maji manne mfululizo na waliozaliwa katika kila moja. Kwa njia hiyo tulipata ya 1961, ambayo wengi huyaita mafuriko ya Uhuru, ya 1997 kuingia 1998, yale ya El Niño, kisha ya 2018, ya 2019 kuingia 2020, ya 2023, na ya 2024. Halafu tukauliza habari za yale ambayo magazeti hayakuyaandika: miaka ambayo maji yalipanda kidogo tu, yakaingia mashambani hadi magotini, yakakaa siku kadhaa, yakaondoka na kuacha tope jeusi. Hayo ndiyo tunayolimia. Hakuna mwandishi wa habari aliyewahi kusafiri kutoka Nairobi kuja kuona maji ya goti.

Hapa utaulizwa swali, na ni bora ulijibu mapema. Wenye mradi husema bwawa litawaokoa na mafuriko. Usiwacheke. Mwaka 2018 mimi nilitoka nyumbani kwa mtumbwi na wajukuu, kuku sita na redio. Godoro na mpunga wa mbegu nikaviacha. Siwezi kumwambia mtu kwamba mafuriko ni mema. Ninachokifanya ni kuyahesabu mbalimbali, maji ya goti huku, maji ya paa kule. Masinga limesimama tangu 1981, na mwaka 1997, 2018 na 2024 bado paa zilizama. Bwawa likishajaa halina budi kuachilia, na linachoachilia kinatushukia sisi. Maji ya goti ndiyo ambayo bwawa linaweza kuyameza, basi huyameza hayo kwanza. Kwa hiyo tunabaki na yale tusiyoyataka, tunanyimwa yale tunayoyataka. Maneno hayo ukiyasema bila daftari ni malalamiko. Ukiyasema ukiwa na miaka 30 ya maji ya wazee na alama za boriti, afisa huchukua kalamu.

Daftari la nyumba ni refu zaidi na linachosha. Kila nyumba ipewe namba, na majina yawekwe kwenye karatasi ya pembeni inayobaki kwa kamati, ili nakala ikitoka isimwanike mtu. Andika ekari, zao, magunia ya mwaka wa maji mazuri na ya mwaka wa maji mabaya, samaki, mifugo, na maji ya kunywa yanatoka wapi. Waulize wanawake peke yao. Baba wa nyumba atakwambia ekari mbili za mpunga, basi. Mke wake atakumbuka mboga za ukingoni, samaki wa kukausha, na milala ya kusukia mikeka. Kwangu mwenyewe mikeka imeshalipa karo ya muhula mzima, na siku ya kuhesabiwa mume wangu hakuitaja.

Walio karibu na bahari wapime chumvi. Mto ukidhoofika bahari hupanda nao, na watu wa Ozi na Kipini hawahitaji kuelezwa. Mpunga wao umeshaungua kwa chumvi. Kuna kifaa kidogo cha kupima chumvi ya maji, kinafanana na kalamu nene. Pima mahali palepale, maji yakijaa na yakipwa, na uandike. Wavuvi wa Ghuba ya Ungwana nao waingie daftarini, maana kamba wanaowavua hutegemea tope na maji matamu yanayoshushwa na Tana.

Na tumieni tumbili. Natania, lakini nusu tu. Msitu wa ukingo wetu una mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, ambao hawapatikani mahali pengine duniani, na hifadhi yao ilitengwa 1976. Msitu huo huota upya kwa mafuriko. Delta yenyewe, yaani nchi tambarare ambako mto hutawanyika kabla ya kuingia baharini, iliandikwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Nimemwona mtaalamu akifunua haraka ukurasa wa watu, akasimama kwenye ukurasa wa tumbili. Sawa. Waandikeni wote, ukurasa mmoja umvute asome wa pili.

Mkeka mmoja

Kwetu kuna wakulima na kuna wafugaji, wengi wao Wapokomo na Waorma. Mwaka 2012 kuingia 2013 tuliuana kwa ajili ya ardhi na maji, na waliokufa walizidi 100. Anayetaka kupitisha mradi haraka analijua hilo. Atafanya mkutano wa wakulima Jumatatu, wa wafugaji Alhamisi, na kila upande uahidiwe kitu ambacho mwenzake atakililia.

Kwa hiyo katika kamati yetu mwenyekiti ni mkulima, makamu wake ni mfugaji, na hakuna barua inayotoka bila sahihi za wote wawili. Wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, walikaa mkeka mmoja siku ya kwanza, kabla hata sijafungua daftari. Haikuwa rahisi, na mkutano wa pili ulivunjika. Kilichoturudisha ni nyasi: ng'ombe wanaoshuka wakati wa kiangazi hula nyasi zilizoota baada ya maji ya goti, maji yaleyale yanayolisha mpunga. Mfugaji mmoja aliposema hivyo, mkulima aliyekuwa ameshaondoka akageuka akarudi kukaa.

Watafuteni pia wale wa huko juu watakaohamishwa. Wao huenda wanataka fidia nzuri, nanyi mnataka bwawa lisiwepo. Msiwasemee. Mkibadilishana nakala za karatasi, hiyo yatosha.

Karatasi ya mahudhurio

Sehemu hii isome mara mbili.

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na jamii zitakazoathirika, taarifa itolewe wiki moja kabla, na tangazo lipite redioni kwa lugha rasmi na za kienyeji. Mkutano wetu wa kwanza ulitangazwa usiku kwa ajili ya kesho yake. Walikuja watu wa kampuni moja ya ushauri, wakaleta soda, mkate na nauli. Walieleza kwa Kiingereza, na kijana wao akatafsiri sentensi moja kati ya tano. Karatasi ikapitishwa, mistari mitupu isiyo na kichwa. Tukaandika majina, namba za vitambulisho na sahihi, tukanywa soda. Nilipokuja kuiona tena karatasi hiyo ilikuwa nyuma ya ripoti, imeshapata kichwa: waliounga mkono mradi. Sahihi yangu ni ya saba. Mwandiko unasomeka, kama kawaida.

Baada ya hapo tulikwenda Malindi, tukachongesha muhuri wa mpira wenye maneno haya: "WALIOHUDHURIA TU. SAHIHI HII SI KUKUBALI MRADI." Mkutano uliofuata, kabla kalamu haijagusa karatasi, makamu alisimama akaomba kichwa cha karatasi kisomwe kwa sauti. Hakikuwepo. Tukagonga muhuri juu ya kila ukurasa. Yule afisa akaniambia, "Mama, mbona hamtuamini?" Nikamwambia, "Tunakuamini, mwanangu. Hii ni ya atakayekuja baada yako." Kama hamna pesa za muhuri, andikeni kwa mkono, maneno ni yaleyale. Kisha kila ukurasa upigwe picha kabla haujatoka mlangoni.

Nauli simwambii mtu akatae. Kuna mama aliyetembea tangu alfajiri, naye ana haki ya nauli yake. Lakini nauli iwe na karatasi yake, na mahudhurio yake. Zisichanganywe.

Andikeni kumbukumbu zenu wenyewe, waandishi wawili, mmoja akipitwa mwingine ashike. Andika saa mkutano ulipoanza, lugha iliyotumika, swali lililoulizwa, na kama lilijibiwa. Swali lisilojibiwa lina thamani kuliko hotuba. Mwisho zisomwe kwa sauti, umwombe afisa wao atie sahihi. Akikataa, andika "amekataa", saa ngapi, na mashahidi wawili.

Msimpeleke msemaji mmoja hodari akawamalizia muda. Tuligawana maswali nyumbani, kila mtu moja, fupi, na lisiloweza kujibiwa kwa "tutaliangalia". Langu lilikuwa: Februari maji yatafika wapi kwenye boriti yetu? Mvuvi akauliza tope litabaki wapi. Kijana wa ndizi akauliza bwawa litajazwa kwa miaka mingapi, na katika miaka hiyo sisi tutakunywa nini. Bibi mmoja akauliza nyaya za umeme zitapita juu ya nyumba yake au zitaingia ndani. Ukumbi ulicheka, lakini lile nalo likaandikwa, na ndilo lililojibiwa kwa ukweli: zitapita juu.

Kuomba karatasi, na kuzisoma

Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Soma tena: au kwa Kiswahili. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, na ofisi ina siku 21 za kuamua. Yetu ilikuwa hivi, unaweza kuinakili:

*Kwa Afisa wa Taarifa.*
*KUH: OMBI LA TAARIFA CHINI YA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016*
*Sisi wakazi wa sehemu ya chini ya mto tunaomba nakala za: ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira pamoja na viambatisho vyote na karatasi zote za mahudhurio, jedwali la maji yatakayopita chini ya bwawa kila mwezi, kwa mwaka wa mvua na kwa mwaka wa kiangazi, idadi ya miaka ya kujaza bwawa na kiasi cha maji kitakachoachiliwa katika miaka hiyo, ombi la kibali cha kutumia maji, na jina la mkopeshaji wa mradi. Tunasubiri jibu ndani ya siku 21.*

Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikwambia mwenye muhuri ametoka, keti. Mimi niliketi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa, nikala mkate niliobeba, na muhuri ukapatikana. Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ukiambatisha nakala hiyo yenye muhuri. Bila muhuri huna siku ya kuanzia kuhesabu.

Ripoti ikija, usianze ukurasa wa kwanza. Huo umeandikwa kwa ajili ya waziri. Anza nyuma, kwenye viambatisho, utafute majina yenu. Kisha tafuta mahali palipoandikwa eneo la mradi linaishia wapi. La kwetu lilikoma kilomita chache chini ya ukuta wa bwawa, na delta iko mamia ya kilomita chini yake. Mto una kama kilomita 1,000. Mtu ameupima kidole kimoja akasema amemaliza mwili. Hapo ndipo pa kushika.

Halafu angalia neno "wastani". Ripoti inaweza kusema kwamba maji ya mwaka mzima yatapungua kidogo tu, na ikawa kweli. Lakini mto unaweza kupitisha maji yaleyale kwa mwaka bila kupanda hata siku moja, na mpunga wetu hauli wastani, unangoja siku mto upande. Taka jedwali la mwezi kwa mwezi. Uliza pia ile akiba inayotajwa kwenye Sheria ya Maji ya 2016, yaani maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya kulinda uhai wa mto: ni kiasi gani, na yatapimiwa wapi. Wakisema yatapimiwa pale ukutani, omba yapimiwe Garsen.

Kurasa 400 hazisomwi na mtu mmoja. Tuligawana watu 11, wakiwemo mwalimu wa sayansi wa sekondari, wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa likizoni, na mstaafu wa benki ambaye alitoa miwani yake kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Kila mtu alisoma fungu lake, akalieleza kwa Kiswahili chini ya mwembe. Mstaafu ndiye aliyegundua kwamba jedwali mbili za ripoti hiyohiyo hazilingani. Sisi wengine tungelipitia bila kuona.

Siku zinahesabiwa

Ripoti ikifika NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira inayotoa leseni, hutolewa tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti la kawaida, na umma hupewa muda wa kutoa maoni. Sheria inaweka kikomo cha siku 60, na mara nyingi tangazo hutoa 30. Siku hizo huhesabiwa tangu tangazo, haijalishi wewe ulisikia lini. Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa na husomeka bure kwenye intaneti. Mpwa wangu hulifungua kila Ijumaa jioni, hata siku ya harusi yake alinitumia ujumbe kwamba hakuna kitu.

Waraka wa maoni usizidi kurasa tatu. Wa kwanza: sisi ni nani, nyumba ngapi, tuko wapi kwenye mto. Wa pili: mto unatupa nini, kwa namba za madaftari. Wa tatu: tunataka nini. Ukurasa wa tatu ndio uliotukesha. Wapo waliosema tukatae kabisa, tusitaje masharti, kwa sababu ukitaja masharti umeshakubali. Wapo waliosema serikali itajenga tu, afadhali tupate maji ya goti mara mbili kwa mwaka yakiachiliwa kwa makusudi. Maoni yangu, na wengine bado wananinunia kwa hayo, ni kuandika yote mawili kwa utaratibu: tunapinga, sababu ni hizi, na bila kuliacha pingamizi letu, tunataka athari zichunguzwe hadi baharini, muhtasari utolewe kwa Kiswahili, mkutano ufanyike ndani ya delta, na bwawa lolote liachilie mafuriko ya msimu. Ambatisha nakala za madaftari. Madaftari yenyewe yasitoke nyumbani.

Leseni ikitolewa licha ya hayo yote, mna siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Siku ya 61 umechelewa, hata kama una haki kama ya mtoto mchanga. Katika karatasi zilezile mwombe wakili aombe zuio, kazi isiendelee shauri likisubiri. Na mkiambiwa kwamba hamjapata hasara bado, Ibara ya 70 ya Katiba inasema anayetetea haki ya mazingira hahitaji kuonyesha hasara wala majeraha.

Kama kamati imekata tamaa, wasimulieni habari za majirani zetu wa Lamu. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilikuwa na leseni mkononi, na mwezi Juni 2019 jopo hilohilo likaifuta, mojawapo ya sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kumbukumbu za mikutano ndizo zilizoipa kesi yao nguvu. Na sisi wa delta tunayo yetu: Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, kwamba maendeleo ya delta yatanguliwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaowashirikisha wenyeji. Mwambieni wakili aisome kabla hajawaambia kesi yenu ni ngeni.

Jina la mkopeshaji mliloomba kwenye ile barua lina kazi yake. Benki kubwa za maendeleo zina milango ya malalamiko. Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi tangu 1993, na wanajamii wenyewe wanaweza kuliandikia. Kama pesa si zao, mlango huo haupo, msipoteze wino.

Yaliyobaki

Maandamano: polisi hupewa taarifa, si ombi la ruhusa, kuanzia siku 14 hadi siku 3 kabla. Na hapo pia chukueni muhuri.

Pesa: kila shilingi iandikwe na isomwe mkutanoni, hata ya peremende. Kamati nyingi huuliwa na hesabu kabla ya bwawa kuwafikia. Mwanasiasa akileta mchango, mpeni risiti kama mtu mwingine yeyote. Wetu aliondoka na risiti yake mkononi akiitazama kama haijui ni nini.

Usalama: asiwepo mtu mmoja anayeshika kila kitu. Mimi nina madaftari, makamu ana picha, na nakala nyingine ziko mjini kwa mtu ambaye jina lake hata mume wangu halijui. Ukiitwa ofisini "kuzungumza kidogo", nendeni watatu.

Boriti yetu ya sasa ni ya tatu. Mvua za masika zikikaribia huwa tunaipaka rangi upya, na mwaka huu imebidi tuirefushe kwa juu, kwa sababu mwaka 2024 maji yaliipita, na mtoto wa zamu aliandika daftarini, kwa mwandiko mzuri sana: "Boriti haionekani."